Nani Alikula Imondo

Jumamosi ile, kabla mtoto hajafungua mdomo, hakukuwa na mtu mwenye raha Kabras nzima kumshinda Jairus Wangila. Alikuwa amenawa mikono. Alikuwa ameketi kwa meza ya mama yake, tumbo limetulia mapajani kama paka aliyeshiba, na mbele yake ingokho, kuku wa kienyeji, ilikuwa inafuka mvuke kando ya obusuma, ugali uliosimama wima. Upande wake wa kulia alikaa Mitchel, bintiye wa miaka kumi, anabembeza miguu chini ya meza. Mtu anataka nini tena?

Wikendi hiyo ilikuwa yake. Tangu ndoa yake na Muhonja ivunjike, mambo yalipangwa hivi na wote wawili wakakubali: siku za shule mtoto analala kwa mama yake, Kakamega mjini, na kila baada ya wiki moja baba anamchukua Ijumaa jioni, anakaa naye huku Malava, kisha anamrudisha Jumapili kabla ya giza. Jairus hakuwahi kuchelewa. Dereva wa trekta ya miwa amezoea kungoja zamu, na zamu yake ikifika hailali barabarani.

Na msidanganywe na watu kwamba walipigana. Hakuna sahani iliyoruka. Jairus alitaka mke akae bomani, Muhonja akataka duka la kushona mjini, maana diploma yake ya ushonaji kutoka chuo cha Sigalagala hakuisomea kushonea mbuzi nguo. Kila mmoja alikuwa na ukweli wake, na nyumba ikiwa na watu wawili wenye ukweli, nafasi ya kulala haibaki. Wakaachana. Kilichobaki ni majina. Jairus bado alimwita Mama Mitchel, na Muhonja bado alimwita Baba Mitchel, na hayo hakuna hakimu aliyeyagusa.

Basi Kukhu, ndivyo Mitchel alivyomwita bibi yake, akachukua upawa, akapekua mchuzi kama mtu anayetafuta sindano iliyopotea, akaitoa imondo, akaiweka kwa sahani ya Jairus.

Hapa lazima tuelewane. Imondo ni firigisi, ile nyama ndogo ngumu ya ndani ya kuku, hata mkono wa mtoto unaificha. Lakini kwa Mluhya hiyo si nyama, ni cheo. Imondo ni ya mwenye nyumba. Mgeni awe mkubwa namna gani, awe mchungaji, awe chifu, atapewa paja, atapewa mgongo, na atashukuru. Mwanamume akionekana anapakuliwa imondo kwa nyumba fulani, majirani hawaulizi tena amekuja kufanya nini. Wanauliza harusi ni lini.

Jairus akaitia mdomoni. Akafunga macho, akatafuna polepole, kama mtu anayesikiliza kwaya.

"Baba," akasema Mitchel, "hata Wandera alifunga macho hivyo hivyo."

"Alifunga macho akifanya nini?"

"Akikula imondo. Kwa Mama."

Imondo iliyokuwa mdomoni mwa Jairus ikakataa kwenda mbele, ikakataa kurudi nyuma. Kukhu akarudisha tonge lake la obusuma kwa sahani, taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Wandera ni nani?" akauliza Kukhu.

"Ni mtu anakujanga kutengeneza tenki."

"Anakujanga?"

"Alikuja Jumatatu, halafu akakuja tena. Ana pikapu."

"Ana pikapu," Kukhu akarudia, na kwa jinsi alivyolisema, ungefikiri mtu huyo ana pembe.

Jairus akameza ile nyama kama anavyomeza dawa ya malaria. "Kula chakula, mama," akamwambia binti yake. Mitchel akawaangalia wote wawili, akaacha kubembeza miguu.

Mchana huo Jairus alilala chini ya trekta yake na kopo la grisi. Trekta haikuwa na shida yoyote. Shida ilikuwa ya dereva. Hakumjua huyo Wandera hata kwa sura, lakini akili yake ilikuwa imeshampiga picha na kuitundika ukutani: mtu mrefu, meno meupe, shati limepigwa pasi hadi mikononi, pikapu inapiga muziki. Mtu wa namna hiyo hesabu za darasa la tano anazijua zote. Mtu wa namna hiyo anapika chapati na haziungui.

Miguu ya Kukhu ikaja ikasimama karibu na gurudumu.

"Umelala hapo na grisi," akasema, "na huko mtu anakula imondo yako."

"Mama, kuku ni wa Muhonja."

"Kuku ni wake, sikatai. Na mtoto ni wa nani? Mtoto anaangalianga mdomo unaotafuna imondo, huyo ndiye anamwita baba. Leo ni Wandera wa tenki. Kesho ni Baba Wandera. Keshokutwa wewe utakuwa ule mjomba wa Malava mwenye trekta."

"Mama."

"Mimi sijasema kitu. Nimesema tu usimrudishe."

Akaenda zake. Lakini neno likibaki chini ya trekta na mtu mmoja, linakuwa kubwa. Jumapili kanisani Jairus aliimba ubeti wa tatu wakati wengine wako wa pili, na kwa sauti, kwa sababu Jairus hakuwahi kuimba kitu chochote polepole. Walipotoka, uamuzi ulikuwa umeiva. Alijiambia si hasira. Ni haki. Mtu anayejiamini haombi ruhusa ya kuwa baba. Akasimama nyuma ya jiko la mama yake, akapiga simu.

"Mama Mitchel, mulembe."

"Mulembe, Baba Mitchel. Mtoto mzima?" Nyuma ya sauti yake cherehani ilikuwa inakimbia. Muhonja alikuwa na sare za shule za kumaliza, hata Jumapili.

"Mzima sana. Leo hatakuja."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Atakaa huku mpaka nijue ni nani mwenye nyumba huko kwako."

Cherehani ikasimama.

"Sema tena."

"Kuna mwanaume amekula imondo kwa nyumba yako, Mama Mitchel. Mtoto wangu akiangalia."

Mkasi ukasikika ukiwekwa mezani.

"Uko kwa Kukhu?" akauliza Muhonja.

"Niko."

"Weka chai kwa moto. Nakuja."

Hakupiga kelele. Hilo ndilo lilimtia Jairus wasiwasi. Muhonja akipiga kelele unajua pa kujificha. Akisema weka chai, andaa pia kiti cha kuanguka.

Alipogeuka, aliona mlango wa jikoni uko wazi kidogo, na ndani hakuna mtu. Begi la Mitchel lililokuwa pale kwa stuli halikuwepo. Akamtafuta sebuleni, akamtafuta chooni, akamkuta nyuma ya nyumba ya kuku, ameketi juu ya begi lake, mikono imekumbatia magoti. Alikuwa amesikia yote.

Jairus akafanya kile ambacho hakijawahi kumwangusha. Akakata muwa, ule laini wa kando ya boma, akaumenya vizuri, akakata vipande vinavyotoshea mdomo mdogo, akampa. Mitchel akatingisha kichwa.

"Hutaki muwa? Mtoto wa Kabras anakataa muwa? Nitaita daktari."

Mitchel akaficha uso magotini.

"Niambie basi."

"Sitaki kuongea tena."

"Leo?"

"Milele." Akavuta kamasi. "Nikisema huku vitu vya kule, mnakasirika. Nikisema kule vitu vya huku, Mama anakunja uso. Ile siku nilisema hapa tulilala bila kuoga, Mama alisafisha masikio yangu mpaka yakauma. Jana nimesema Wandera, Kukhu akaacha ugali. Sasa nitakuwa naongea nini? Mvua?"

Jairus akacheka, kisha kicheko kikamwishia njiani. Akaketi chini, kwa vumbi, na suruali yake ya kanisa. Aliona kitu ambacho hakuwa amekiona kwa muda wote huo wa kuchukua na kurudisha. Yeye aliporudi nyumbani alirudi nyumbani, na Muhonja hivyo hivyo. Mtoto peke yake ndiye alikuwa na mpaka wa kuvuka, na kila akivuka anapekuliwa pande zote mbili.

"Na ni mimi niliharibu," akasema Mitchel.

"Uliharibu nini?"

"Ni mimi nilimpakulia Wandera. Mama alikuwa amepanda juu kuangalia kama bomba bado linavuja. Aliniambia, 'Mitchel, pakulia fundi chakula.' Sasa Kukhu alinifundisha imondo ni ya mwanaume. Ati ukimpa mwanamke au mtoto ni aibu. Nikaangalia nyumba yote, Baba. Mwanaume alikuwa ni Wandera peke yake. Ningempa nani? Paka?"

Jairus akaviweka chini vile vipande vya muwa.

"Mama alikuja akaangalia sufuria, akauliza imondo iko wapi. Alikasirika kidogo, kwa vile yeye ndiye anakulanga. Alikuwa ameitaka na pilipili."

"Mama yako ndiye anakulanga imondo?"

"Si ni nyumba yake?"

Hapo ndipo Jairus alipotamani ile simu ingekuwa kamba, aivute irudi. Lakini barabarani pikapu ilikuwa tayari inakuja, na unajua pikapu ya mtu anayekuja kwako kwa shari: inapiga kila shimo na haikwepi hata moja.

Muhonja akashuka wa kwanza, utepe wa kupimia nguo bado uko shingoni. Upande wa dereva mlango ukafunguka kwa shida, kwa kuwa ulifungwa kwa waya, na akatoka Wandera. Jairus akaitafuta ile picha aliyoitundika ukutani. Mtu aliyemwona alikuwa mfupi, kofia imefifia, shavu moja limevimba kama ameficha limau, na kitambaa kimefungwa kutoka kidevuni hadi utosini. Nyuma ya pikapu kulikuwa na mabomba, ndoo, na muziki hakuna.

"Mulembe, wenyeji," akasema Wandera kupitia upande wa mdomo uliokuwa mzima. "Nimeambiwa nimekula kitu cha watu."

"Huyu ndiye Wandera?" Kukhu akauliza kutoka mlangoni. Alionekana kama mtu aliyenoa panga kwa ajili ya nyoka akakuta ni mshipi.

"Ndiye," akasema Muhonja. "Sikuwa na njia ya kufika haraka, nikamwomba anilete, na nikaona heri mumwone kwa macho. Wandera, eleza."

"Mama, mimi nina jino. Siku hiyo limeamka tangu asubuhi. Nimeletewa sahani, naona imondo, nikasema mayi, mama yangu, hii ni kesi. Nikirudisha, nimetukana mtoto aliyepakua. Nikila, jino litaniua. Nikafunga macho, nikala. Machozi yalikuwa yanatoka. Hata nyumbani kwangu nilieleza mke wangu, akaniambia, 'Wewe utaletea watu shida.'"

"Mtoto alisema ulifunga macho, nikajua ni utamu," akasema Jairus.

"Utamu!" Wandera akashika shavu.

Kukhu akageuka haraka kuangalia ukuta, mabega yakitingika. Lakini Muhonja hakucheka. Alimwangalia Jairus hadi Jairus akaacha kutabasamu.

"Baba Mitchel, njoo hapa kando."

Wakaenda hadi kwenye trekta. Muhonja akaegemea gurudumu, lile lile.

"Leo ni fundi," akasema. "Umeona, umecheka, imeisha. Lakini mimi si ajuza. Siku moja mwanaume anaweza kukaa kwa ile meza, na si mambo ya tenki. Sitamficha, na sitamwambia mtoto amfiche. Siku hiyo utafanya nini? Utanipigia simu kama leo? Utamfungia Mitchel stoo pamoja na mifuko ya mbolea?"

Jairus akatazama mikono yake. Ilikuwa mikono iliyozoea usukani mkubwa, na sasa haikujua ishike nini.

"Itaniuma," akasema.

"Itakuuma, najua. Hata mimi, ukileta mtu hapa, nitashona vifungo nje ya mashimo wiki nzima. Sijauliza kama itakuuma. Nimeuliza utafanya nini."

Akafikiri. Jairus hakuwa mtu wa kufikiri akiwa amesimama. Alizoea kufikiri akiwa na injini chini yake. Lakini jibu lilikuja, na lilipokuja halikuwa na kigugumizi.

"Jumapili nitamrudisha kabla ya giza. Hata kama huyo mtu ndiye atafungua mlango. Nitamsalimia, nitampa begi, nitaenda. Na nikitaka kujua kitu cha nyumba yako, nitakuuliza wewe. Mtoto simuulizi tena. Amechoka, Mama Mitchel. Ameniambia atakuwa anaongea mvua tu."

Muhonja akashika utepe wake kwa mikono miwili, akauvuta kidogo. "Alikuambia hivyo?"

"Na masikio. Alisema juu ya masikio."

"Masikio." Akafunga macho kidogo. "Sawa. Hiyo ni yangu. Nitaitengeneza."

Na huo ndio ulikuwa mkutano wote. Kuna watu wamelipa mawakili miaka na hawajafika kwenye gurudumu hilo.

Waliporudi, Muhonja akasema wapande pikapu waende. Kukhu akasimama katikati ya njia, mikono kiunoni.

"Mwende wapi? Hasira ni hasira na mgeni ni mgeni. Mtu atoke Kakamega aingie kwangu arudi na chai peke yake, Jumapili ijayo kanisani nitakaa wapi? Jairus, shika yule jogoo mwekundu."

Jogoo mwekundu alikuwa hajatukana mtu, lakini ndivyo mambo yanavyokwenda bomani. Jairus alimkimbiza mara mbili kuzunguka nyumba, suruali ya kanisa na yote, Wandera akimzuia upande wa choo, Mitchel akipiga makofi bila kukumbuka kwamba ameacha kuongea milele. Kufikia saa kumi chakula kilikuwa mezani, na watu watano wakakizunguka. Wandera aliomba apewe mchuzi tu.

Kukhu akashika upawa. Akapekua. Akaipata.

Imondo ilikuwa pale juu ya upawa, inadondosha mchuzi, na Kukhu akaangalia huku na huku kama karani wa kura. Mkono wake ukaanza kwenda kwa Jairus kwa mazoea ya maisha yake yote.

"Mama, lete," akasema Jairus. Akaipokea kwa sahani yake. Kisha akainua sahani, akaiweka mbele ya Mitchel, akachukua ya Mitchel iliyokuwa na bawa.

"Jairus!" Kukhu akashika kifua. "Msichana?"

"Msichana."

"Tangu lini?"

"Mama, si uliniambia wewe ulipokuwa msichana wanawake hawakuruhusiwa kuonja hata mchuzi wa kuku? Yai pia hapana?"

"Hiyo ni kweli."

"Na sasa umeshika nini hapo mkononi?"

Kukhu akaangalia mkono wake. Ulikuwa umeshika paja, tena lile kubwa. Akalitazama kama linalomsaliti, akaliuma.

"Huyu ana nyumba mbili," akasema Jairus, "na kwa hizo nyumba zote hakuna aliyewahi kumpa imondo. Kwa Mama yake anakula Mama, huku nakula mimi. Yeye ndiye anajua njia ya zote mbili. Mwenye nyumba hapa ni nani?"

"Haya, kula," akasema Muhonja. Sauti yake ilikuwa imelowa kidogo, akasingizia pilipili.

Mitchel akaitia mdomoni. Akatafuna. Watu wazima wanne wakamtazama kama wanaongoja matokeo ya mtihani. Akatafuna tena. Akahamisha upande wa pili. Akaitoa kwa vidole, akaikagua.

"Ni ngumu," akasema. "Ni kama kifutio. Ndiyo hii mlikuwa mnapigania?"

Wandera akapiga meza. "Si niliwaambia!" Kisha akashika shavu, akalia na kucheka kwa pamoja.

Jua lilikuwa bado juu ya miwa walipoanza kuondoka. Jairus akalibeba begi hadi pikapu, akalipanga vizuri kati ya mabomba, akafunga mlango mwenyewe kwa ule waya, akauvuta mara mbili kuhakikisha. Mitchel akakaa katikati, kati ya mama yake na fundi.

"Baba," akaita kupitia dirishani, "nikiona kitu kule nikuambie ama nisikuambie?"

"Ukitaka kuniambia, niambie. Hutaki, niambie mvua."

"Nikuambie mvua na kuku."

"Na kuku. Ijumaa nyingine ile nakuja. Mama Mitchel, safari njema."

"Baki salama, Baba Mitchel."

Pikapu ikaondoka, safari hii ikikwepa mashimo. Jairus akarudi mezani. Kukhu alikuwa ameshaanza kutoa vyombo, lakini sahani moja alikuwa ameiacha mahali pake, na alijifanya ana kazi nyingi sana jikoni. Katika sahani hiyo kulikuwa na nusu ya imondo, imebaki na alama za meno madogo, imesukumwa kwa makusudi upande wa kiti cha baba.

Jairus akaketi. Akaichukua, akaitia mdomoni, akafunga macho. Na yeye hakuwa na jino lolote linalouma.